Albamu Iliyosafishwa kwa Heshima Yetu

Mwanangu wa mwisho ni fundi wa lifti. Nalitanguliza hilo kwa sababu wapo waliosikia habari za ile albamu wakadhani ni mtu asiye na kazi, anayelala mpaka jua limpige usoni kisha anaamkia gitaa. Si hivyo. Kila asubuhi anatoka na mkoba wake wa spana, anapanda hadi juu kabisa ya majengo ya watu, kwenye chumba cha mashine ambacho mwenye jengo mwenyewe hajawahi kukiona, na kupitisha kitambaa polepole kwenye kamba za chuma. Kitambaa kikinasa, ujue uzi umekatika. Akipigiwa simu kwamba kuna watu wamekwama, anaacha chakula mezani. Wenzake kazini wamempa jina la Breki, maana haruhusu lifti ibebe mtu kabla hajaijaribu breki yake mwenyewe, hata meneja wa jengo apige kelele namna gani. Marehemu mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule, na watu walimwita Mkaguzi hata sebuleni kwake. Naye alikuwa na tabia hiyo hiyo. Hakusaini kitu ambacho hakukisoma.

Breki hajaoa, na hilo si la kujadiliwa hapa.

Muziki anaoupiga unaitwa metali, na hasa tawi lake la kasi wanaloliita thrashi. Sijawahi kuupenda, wala sitadanganya kwamba baadaye niliupenda. Unaanza kama kabati linaloanguka ngazini, na halifiki chini mpaka wimbo uishe. Lakini ni kazi. Kwa miaka mingi, kila Jumapili mchana, alikutana na wenzake wawili kwenye karakana ya fundi seremala, katikati ya vitanda visivyo na miguu, wakarudia kipande kimoja cha wimbo mpaka vumbi la mbao likashuka darini. Seremala alipiga gitaa la besi, na mdomo wake haukupumzika kwa utani. Ngoma zilipigwa na muuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye wote tulimwita Nesi. Ukimsikia akisema "shikamoo, mama" huwezi kuamini kwamba mikono ile ndiyo inayovunja vijiti.

Waliliita kundi lao Kamba ya Chuma. Walipoamua kurekodi albamu, nilitoa sharti moja tu: jina la familia lisionekane popote.

"Mama, hata mimi silitaki," Breki akanijibu. "Watu wakiliona watakaa wima wakisubiri hotuba."

Nikaomba kuyasoma maneno ya nyimbo. Zilikuwa nyimbo tisa. Mmoja ulihusu mtu aliyekwama kati ya ghorofa, anabonyeza kengele na hakuna anayeitika. Mwingine ulihusu kikao kilichoitishwa ili kupanga kikao. Hapakuwa na tusi hata moja, na nilitafuta.

"Maneno yana akili," nikamwambia. "Taabu ni kwamba hakuna atakayeyasikia kwa kelele hizo."

"Siyo kelele, Mama. Ni mkwaruzo. Huo ndio wimbo wenyewe."

Studio waliyoipata ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, kuta zimefunikwa kwa magodoro ya zamani, dirisha limezibwa kwa zulia. Mwenyewe tunamwita Fundi Sauti. Nilimfundisha akiwa mdogo. Alikuwa mtoto wa kukaa dawati la mbele na kuwafutia wenzake ubao. Kazi yake ya kila siku ni kwaya, matangazo ya sabuni na salamu za maharusi, na anaifanya vizuri. Hapakuwa na studio nyingine iliyoweza kuingiza ngoma za Nesi bila kuvunja mlango.

Breki alichukua likizo yake yote ya mwaka kwa ajili ya kazi ile. Siku ya kwanza alifika na toroli lililobeba mlango wa lifti iliyokwisha kazi, bati zito la chuma. Akauegemeza ukutani na kuuelekezea spika ya gitaa lake, ili sauti ipige chuma ndipo irudi kwenye kipaza sauti. Nilikuwepo, nimewapelekea chai. Fundi Sauti alivaa vifaa vyake vya masikioni, akakunja uso kama mtu aliyeuma changarawe.

"Kaka, kuna kitu kinakwaruza."

"Ndiyo," Breki akasema.

"Usijali, nitakitoa."

"Usikitoe! Mimi nimekisukuma kwa toroli kutoka kule mpaka hapa."

"Ukikitoa," Seremala akadakia, "na mimi nakutoa wewe kwa kucha za nyundo."

Wakacheka wote. Fundi Sauti naye akacheka, akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaamini kwamba ameelewa. Huyu bwana anaitikia kwa kichwa tangu darasa la kwanza. Ningepaswa kukumbuka kwamba hata wakati ule si kila alipoitikia alikuwa ameelewa.

Walirekodi mpaka likizo ikaisha. Nesi alikuja moja kwa moja kutoka zamu, viatu vyeupe bado miguuni. Breki alipoteza sauti, akawa ananiomba chumvi mezani kwa vidole. Ila sijawahi kumwona ana amani vile. Alitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyemaliza kulipa deni, na siku moja nikamkuta anaosha vyombo bila kuambiwa.

Kilichobaki kilikuwa kuchanganya sauti, yaani kupima ipi iwe juu na ipi iwe chini, kisha kuipandisha albamu mtandaoni. Fundi Sauti alipomaliza alimpigia simu Breki aje asikilize kabla haijatoka. Simu hiyo ilimkuta ndani ya shimo la lifti ya hospitali, ile inayopeleka wagonjwa chumba cha upasuaji, na daktari amesimama juu yake anauliza bado muda gani.

"Iko tayari, kaka. Unakuja kusikiliza?"

"Niko shimoni. Ipandishe tu, nitasikiliza baadaye."

Mtu asiyeruhusu lifti iende bila kujaribu breki. Hadi leo nikilifikiria neno lile la "ipandishe tu" najikuta nimeshika kichwa.

Maana Fundi Sauti ana utaratibu wake, nao tulikuja kuujua umeshatukalia kooni. Kazi ikishatoka, anafuta kwenye mashine yake sauti zote za mwanzo, ili apate nafasi ya kwaya inayofuata.

Tuliisikiliza mezani kwangu, Breki na mimi, kwenye simu iliyounganishwa na spika. Wimbo wa kwanza ukaanza. Nikashangaa kwamba nasikia. Kila neno lilikuwa mbele, limenyooka, kama mtangazaji anayesoma taarifa. Gitaa lilikuwa nyuma sana, linavuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Ngoma za Nesi zilibisha hodi kwa adabu. Kwenye wimbo wa tatu pakaingia kinanda.

"Nani anapiga kinanda?" nikauliza.

"Hatuna kinanda," Breki akasema.

Alisikiliza nyimbo zote tisa mikono ikiwa magotini. Mwishoni alifungua maelezo ya albamu, akanisogezea simu. Chini ya jina la kundi paliandikwa kwamba mwimbaji ni mtoto wa marehemu Mkaguzi, likafuata jina la mume wangu kwa ukamilifu wake, pamoja na cheo.

Sasa niseme jinsi ilivyopokewa.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alipiga simu kabla sijanawa uso.

"Wifi! Kumbe huyu mtoto anaimba! Mbona mlikuwa mnatuficha? Na kinanda kile! Kaka yangu angesikia angelia."

Angelia, ni kweli, lakini si kwa sababu aliyoifikiria wifi. Ndugu walitumiana ile albamu kwenye simu zao. Watu ambao kwa miaka walikuwa wananiuliza kwa kunong'ona kama mwanangu bado "ana yale mambo" sasa walinishika mkono barabarani. Saluni ya kona iliipiga asubuhi. Mimi niliyetaka jina letu libaki safi nililiona likimetameta kila upande, na nyumbani mwanangu akawa hali chakula.

Kwa sababu wapo wengine walioisikia. Wapenzi wa metali ni kabila dogo lenye ukurasa wake mtandaoni, wanajiita Wapiga Vichwa kwa jinsi wanavyovitikisa muziki ukipigwa, na kwa miaka walikuwa wakingoja albamu ya Kamba ya Chuma. Breki aliwaheshimu hao kuliko ndugu zake wote kwa pamoja. Nilisoma walichoandika. Mmoja alisema ni metali ya kunyonyeshea. Mwingine alisema gitaa limeogeshwa, likapakwa mafuta, likavalishwa soksi. Mwingine aliuliza kama kuna toleo la kujipimia presha. Sikutaka kucheka, na sikucheka, ila nilielewa kwa nini wao walicheka.

Breki alijaribu kueleza kwamba sivyo walivyorekodi. Wakamwuliza, aliyeipandisha ni nani? Akaifunga simu, maana ruhusa alikuwa ametoa mwenyewe.

Kilichomvunja kabisa kilitokea kazini. Meneja wa jengo moja refu, mtu mwema, aliyemjua Breki kwa miaka, alitaka kumfurahisha. Akaiweka albamu ile kwenye spika za lifti zote nne. Breki akaenda kurekebisha mlango, akajikuta amesimama kwenye kijisanduku kile na bisibisi mkononi, anasikiliza sauti yake mwenyewe ikimwimbia mama mmoja aliyebeba mboga.

"Huu wimbo unatuliza," yule mama akamwambia.

Alirudi nyumbani, akalitia gitaa kwenye mfuko wake, akalisukuma chini ya kitanda.

"Nesi anahamishiwa hospitali ya mbali," akaniambia. "Wiki ijayo anaondoka. Imekwisha, Mama."

Hapo ndipo nilipovaa viatu.

Fundi Sauti alinipokea kwa heshima zote. Alinifutia kiti. Nikamwuliza amefanya nini.

"Mwalimu, nimeisafisha. Ilikuwa na makelele."

"Uliambiwa usiyatoe."

"Niliambiwa, lakini Mwalimu, mimi najua nyumba yenu. Ningewezaje kumtoa mtoto wa Mkaguzi mbele za watu akiwa amekwaruza namna ile? Wangesema nimemkomoa. Kwa mtu mwingine ningeacha. Kwa heshima yenu, nikaifanyia kazi wiki nzima zaidi."

Wiki nzima zaidi. Nilikuwa nimekwenda na maneno makali, nikakuta sina pa kuyashusha. Angekuwa mzembe ningemmudu, lakini utamfanya nini mtu aliyekuharibia kwa juhudi?

"Na jina la marehemu nani alikwambia uliweke?"

"Nililiweka kama pambo, Mwalimu."

"Sauti za mwanzo ziko wapi?"

Akatazama mashine yake, akatazama miguu yake.

"Nilikuwa na kwaya Jumatatu," akasema.

Nikamweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikimweleza hesabu za kugawanya. Jina la mume wangu liko kwenye kitu ambacho mtoto wake hakukitengeneza. Iwe kizuri, iwe kibaya, si chake, na katika nyumba yetu mtu hapokei sifa za kazi ambayo si yake. Kwa hiyo ataiondoa ile albamu, kisha atakuja na vipaza sauti vyake vyote nyumbani kwangu Jumamosi, kwa sababu studio yake imejaa kwaya mpaka Nesi atakapokuwa ameondoka, na karakana ya Seremala siku za kazi ina misumeno.

"Nyumbani kwako, Mwalimu? Majirani?"

"Majirani niachie mimi."

Kumshawishi Breki kulikuwa kugumu kuliko hapo. Alisema hana nguvu, alisema sauti ile haipatikani mara mbili, alisema mimi mwenyewe siupendi ule muziki.

"Siupendi," nikamwambia. "Lakini ni wako. Amka."

Jumamosi tuliondoa makochi na mazulia sebuleni, tukashusha picha zote ukutani. Ngoma za Nesi zilikaa mahali pa meza ya chakula. Mlango wa lifti ulisimama pale ambapo kwa kawaida hukaa kabati la vyombo, na Seremala akaugonga kwa kidole akasema, "Ghorofa ya ngapi, mama?" Fundi Sauti alikaa kwenye pembe, nimemwambia asiguse chochote zaidi ya kuwasha na kuzima. Walipoanza kupiga alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

Vioo vya madirisha vilitetemeka. Jirani wa ukuta alikuja mlangoni na khanga begani.

"Mama Breki, kuna nini? Kuna msiba?"

"Hapana. Kuna kazi."

"Kazi gani hii?"

"Ya mwanangu. Karibu ukae au karibu kesho."

Alikwenda. Nilimwona amesimama uani kwake na mashemeji zake, wote wanatazama paa langu.

Walifanya haraka, na kwa kila wimbo Breki alivaa vifaa vya masikioni na kusikiliza mwanzo hadi mwisho kabla ya kukubali kwenda mbele. Sita zilikamilika. Kwenye wa saba umeme ukakatika. Nesi alibaki kwenye kigoda chake, vijiti mkononi, akiwa amenyooka vile vile kama wauguzi wanavyomngoja mama wa kujifungua. Tulikaa hivyo mpaka mume wake akaja kumchukua, maana mizigo haikuwa imefungwa na safari ilikuwa ya asubuhi.

"Nisamehe, Breki," akasema.

"Wewe umekosa nini?"

Miongoni mwa nyimbo tatu zilizobaki ulikuwemo ule wa mtu aliyekwama kati ya ghorofa. Breki aliuona kuwa bora kuliko zote. Sasa upo tu ule uliosafishwa, kwenye simu za watu. Fundi Sauti aliiondoa albamu ya kwanza kama alivyoahidi, lakini nani atawaingilia watu mifukoni? Na lifti zile nne zinaendelea kuimba. Meneja ameambiwa, akasema Breki asione haya kusifiwa.

Zile sita zilitoka, jalada jeusi, bila jina la mtu. Nilitegemea kwamba Wapiga Vichwa sasa watafurahi. Wachache walifurahi. Wengi hawakurudi kusikiliza. Walikuwa wameshacheka, na mtu akishacheka haoni sababu ya kurudi nyuma. Na yule yule wa soksi na mafuta aliandika kwamba hii ni sawa, lakini ile ya kwanza ilikuwa na vituko zaidi. Nilimwandikia jibu refu. Breki akanikataza kulituma.

"Waache, Mama."

"Niwaache vipi? Walilitaka hili!"

"Waache."

Kisha wifi akapiga simu. Kikao cha ukoo kilikuwa kifanyike kwangu, na alikuwa na wazo: watu wakiwa wanaingia na kukaa, ipigwe albamu ya mtoto wetu.

"Ipi?" nikauliza.

"Ile nzuri. Ninayo hapa kwenye simu. Ya kinanda."

"Ile haitapigwa nyumbani kwangu, wifi."

"Kwa nini? Ina jina la kaka yangu."

"Ndiyo maana."

"Basi tupigie hiyo nyingine," akasema kwa hasira, "tuone nani atabaki kwenye kiti."

Alisema kwa kejeli. Mimi nilikubali.

Siku ya kikao walikaa sebuleni kwangu, wajomba, mashangazi na wakwe, sahani magotini. Niliiweka ile ya jalada jeusi kwenye spika, sauti juu, kama mwenyewe anavyotaka. Gitaa lilipopiga chuma, mjomba mmoja alimwaga soda. Watoto walikimbilia nje wakicheka. Mkwe wa upande wa pili alinyanyuka akijifanya anatafuta maji. Wifi alivumilia kidogo, mdomo ameukaza, kisha akainuka, akavuka sebule nzima na kuzima.

"Inatosha. Mnataka kutuua?"

Breki alikuwa amesimama mlangoni, amefika kutoka kazini na mkoba wake bado begani.

"Shangazi," akasema, "umezima kabla besi haijaingia."

"Besi ingoje!" wifi akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Breki alimtazama shangazi yake, akanitazama mimi. Nikaona anageuka, mkono uko kwenye kitasa.

Nikaiwasha tena, kutoka mwanzo. Wifi akainuka mara ya pili. Nikasimama mbele ya spika, mikono nimeifunga kifuani, na nikabaki pale.